Hasi ya Siku Gani? Vipimo vya Maabara na Virusi Vinavyotoka kwa Panya

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu, matabibu, wauguzi, wataalamu wenzangu wa maabara, mabibi na mabwana,

Nianze kwa swali. Mgonjwa ana homa kali, mwili wote unamuuma, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zimeshuka na figo zinaanza kushindwa kazi. Mnamtoa damu, mnaipeleka maabara ya rufaa, na baada ya siku kadhaa karatasi inarudi ikiwa na neno moja: hasi. Je, neno hilo limewaambia nini? Wengi wetu tungejibu kwamba limetuambia kuwa mgonjwa huyu hana kirusi kinachotoka kwa panya. Nimesimama hapa kusema kwamba halikusema hivyo hata kidogo. Limesema kwamba kitu fulani mahususi, kilichotafutwa kwa njia fulani, katika damu iliyotolewa siku fulani ya ugonjwa, hakikuonekana. Hasi ya kipimo gani? Hasi ya kirusi gani? Na zaidi ya yote, ndugu zangu, hasi ya siku gani?

Tunapozungumzia virusi vya panya tunazungumzia hasa koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa virusi vya hanta, ambavyo katika Asia na Ulaya huleta homa inayoambatana na kushindwa kwa figo, na katika mabara ya Amerika huleta ugonjwa wa mapafu kujaa maji, ambao katika Marekani umeua takriban watu 38 katika kila 100 waliougua. Ukoo wa pili ni wa virusi vya arena, wenye kirusi cha Lassa cha Afrika Magharibi, virusi vya homa za kutoka damu vya Amerika Kusini, na kirusi kiitwacho LCM ambacho panya wa kawaida wa majumbani hukibeba karibu kila pembe ya dunia. Virusi hivi havimdhuru sana panya mwenyewe. Hukaa naye muda mrefu, hutoka katika mkojo, mavi na mate yake, na binadamu huvipata kwa kuvuta vumbi, kwa kula chakula kilichochafuliwa, au kwa kung'atwa. Wako wengine nje ya koo hizi mbili, na mmoja wao nitamtaja baadaye kwa sababu alituaibisha.

Sasa niingie katika jambo lenyewe, na nianze na kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na kirusi.

Wakati wa vita vya Korea, kati ya mwaka 1951 na 1953, zaidi ya askari 3,000 wa majeshi ya Umoja wa Mataifa walishikwa na homa iliyoharibu figo na kutoa damu. Wataalamu wakubwa walipelekwa, damu ikachunguzwa, wadudu na wanyama wakachunguzwa, na vita vikamalizika bila kisababishi kujulikana. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 1976, mtafiti wa Korea, Ho Wang Lee, alifanya jambo ambalo naomba mlitazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna msingi wa nusu ya vipimo tunavyovitumia hadi leo.

Alikata vipande vyembamba vya mapafu ya panya wa mashambani, Apodemus agrarius, yule mwenye mstari mweusi mgongoni. Juu ya vipande hivyo akamwaga seramu, yaani maji ya damu yenye kingamwili, ya watu waliokuwa wameugua homa hiyo wakapona. Kisha akaongeza kingamwili nyingine zilizotengenezwa kushikamana na kingamwili za binadamu, nazo zikiwa zimefungwa rangi inayong'aa kijani chini ya hadubini ya mwanga wa urujuanimno. Mapafu ya panya baadhi yakang'aa. Je, mnaona alichokifanya? Hakuwa na kirusi mkononi. Hakukijua umbo wala jina. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya miili ya waliopona, akaitumia kumtafuta adui alikojificha. Kirusi hicho kikaitwa Hantaan, kwa jina la mto wa eneo hilo, na ukoo mzima ukapata jina kutokana nacho.

Baada ya hapo kazi iligeuzwa. Panya alipokwisha kutupatia kirusi, kirusi kikatumika kuwapima binadamu, na leo badala ya kipande cha pafu tuna sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kimepakwa protini ya kirusi iliyotengenezwa maabara, na hiyo ndiyo ELISA. Tunatafuta aina mbili za kingamwili. IgM hutokea mapema na kwa kawaida hupungua baada ya wiki au miezi, kwa hiyo huashiria maambukizi ya karibuni. IgG huchelewa kidogo, na kwa virusi vya hanta inaweza kubaki kwa miaka mingi, kwa hiyo ikionekana peke yake inasema tu kwamba mtu huyu aliwahi kukutana na kirusi. Mtu anaweza kuwa na IgG ya hanta ya miaka 10 iliyopita na leo anaumwa kitu kingine kabisa. Ndiyo sababu tunaomba sampuli mbili: moja wakati wa ugonjwa na nyingine wiki mbili au tatu baadaye, ili tuone kama kiwango cha kingamwili kimepanda, na kinapopanda mara nne au zaidi tunakuwa na ushahidi. Najua sampuli ya pili haiji. Mgonjwa amepona, amekwenda zake, au amefariki. Lakini naomba niliseme hata hivyo, kwa sababu kila mwaka nalisema.

Nimefika kwenye jambo ninalotaka mlikumbuke kuliko yote, nalo ni siku.

Chukueni wagonjwa wawili. Wa kwanza ana hanta, wa pili ana Lassa, na wote wawili wako siku ya nne ya homa. Tukiwapima wote kwa njia ile ile, mmoja wao tutampoteza. Kwa nini? Kwa sababu hanta hukaa mwilini kimya kwa wiki moja hadi wiki nane kabla ya homa kuanza, na mgonjwa anapoanza kuumwa, kinga yake tayari imeamka. Karibu kila mgonjwa wa hanta huwa na IgM tayari anapofika hospitali akiwa mgonjwa sana. Kirusi chenyewe, kwa upande mwingine, kinaweza kuwa kinaondoka katika damu. Katika aina ya Puumala, inayopatikana Ulaya, vinasaba vya kirusi huonekana kwa siku chache tu za mwanzo, na mara nyingi havionekani kabisa. Kwa hiyo kwa hanta, IgM ndiyo nguzo, na PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ni msaidizi. Ukituma PCR peke yake ikarudi hasi, hujapima kitu cha kukutuliza.

Lassa ni kinyume chake. Kirusi hujaa katika damu tangu siku za mwanzo, na kingamwili huchelewa. Tena kuna jambo la kusikitisha zaidi: katika wagonjwa wanaoelekea kufa, mara nyingi kingamwili hazionekani kabisa mpaka mwisho. Fikirini maana yake. Ukitegemea kingamwili peke yake, kipimo kinawaona vizuri waliokwisha kuanza kupona, na kinawaacha wale wale ambao dawa ya ribavirin ingeweza kuwasaidia kama ingeanzishwa mapema. Kwa Lassa, nguzo ni PCR au kipimo cha antijeni, yaani kile kinachotafuta protini ya kirusi yenyewe, na kingamwili ni msaidizi. Kirusi hicho hicho kinaweza kuendelea kutoka katika mkojo na shahawa kwa wiki na hata miezi baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo damu kuwa hasi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani si jibu la kila kiowevu cha mwili.

Na kuna wa tatu, kirusi cha Andes cha Argentina na Chile. Huyu ni hanta, lakini ndiye hanta pekee anayejulikana vizuri kwa kuambukiza kutoka mtu hadi mtu. Katika kijiji cha Epuyén, Argentina, kati ya mwaka 2018 na 2019, watu 34 walithibitishwa kuugua na 11 wakafariki. Wanaofuatilia ndugu na jamaa wa wagonjwa wa Andes wamejifunza kwamba PCR ya damu inaweza kukiona kirusi siku kadhaa kabla ya homa kuanza na kabla ya kingamwili kutokea. Kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja wa hanta, swali la mgonjwa aliyekwisha kulazwa hujibiwa na IgM, na swali la jamaa yake ambaye bado ni mzima hujibiwa na PCR.

Sasa niambieni: mtaalamu wa maabara atachaguaje kipimo, na atasomaje jibu, ikiwa fomu ya maombi imekuja na jina, umri, na maneno mawili "homa kali", na pale palipoandikwa tarehe ya kuanza kuumwa pako wazi? Fomu za namna hiyo ndizo nyingi. Tarehe ya kuchukua damu ipo, tena na saa. Tarehe ya kuanza kwa homa haipo. Ninawaambia bila kuficha kwamba nikilazimishwa kuchagua kati ya mashine mpya na tarehe hiyo iliyoandikwa kwa mkono kwenye kila fomu, nitaanza na tarehe.

Niende kwenye jambo la tatu, nalo ni undugu wa virusi hivi.

Mwezi Mei 1993, katika eneo la Marekani ambako mipaka ya majimbo manne inakutana, kijana wa Kinavajo, mkimbiaji mwenye afya njema, alishindwa ghafla kupumua akafariki. Mchumba wake alikuwa amefariki siku chache kabla kwa dalili zile zile. Vifo vingine vya vijana vikafuata. Tauni ilipimwa, mafua yakapimwa, sumu zikapimwa, hakuna kilichoonekana. Ndipo seramu za wagonjwa zilipopimwa na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha nchi hiyo dhidi ya orodha ndefu ya virusi, na jibu likatoka mahali ambapo hakuna aliyelitarajia: kingamwili zilishikamana na antijeni za virusi kadhaa vya hanta. Hanta? Katika Marekani, na tena katika ugonjwa wa mapafu, wakati vitabu vyote vilisema hanta ni ugonjwa wa figo?

Kingamwili hizo hazikulingana sawasawa na hanta yoyote iliyojulikana. Zilishika hii kidogo na ile kidogo, na ulegevu huo ndio uliokuwa ufunguo. Ulisema kwamba mbele yetu kuna ndugu wa virusi hivi, si mmoja wao. Watafiti wakatazama sehemu za vinasaba ambazo virusi vya hanta vinavyofahamika vinafanana, wakatengeneza praima za PCR, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyokielekeza kipimo kitafute nini, kwa sehemu hizo, na ndani ya wiki chache wakapata kipande cha kirusi kipya kutoka katika tishu za waliofariki. Kipande hicho hicho kikapatikana katika panya aitwaye Peromyscus maniculatus. Leo kirusi hicho kinaitwa Sin Nombre. Baadaye, kwa kupaka kingamwili juu ya tishu za zamani zilizohifadhiwa ndani ya nta, ilithibitika kwamba mwanamume mmoja wa miaka 38 wa jimbo la Utah alikufa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1959. Kirusi hakikuwa kipya. Kipya kilikuwa kipimo.

Kwa hiyo undugu huu wa virusi ulituokoa mwaka 1993. Lakini katika kazi za kila siku, undugu huo huo hutusumbua. Kingamwili za mtu aliyeambukizwa hanta moja hushikamana na antijeni za hanta nyingine, na ELISA chanya inakwambia ukoo bila kukwambia ni yupi katika ukoo. Katika arena ni vivyo hivyo: panya shamba, Mastomys natalensis, anayebeba Lassa katika Afrika Magharibi, hubeba arena nyingine upande wa mashariki wa bara, kama vile kirusi cha Morogoro, ambacho hakijulikani kumletea binadamu ugonjwa. Mtu mwenye kingamwili zinazoshika antijeni ya Lassa mahali ambapo Lassa haijawahi kuonekana hapaswi kutangazwa kuwa ana Lassa. Tunapotaka kumjua kirusi mwenyewe kwa kutumia seramu, tunafanya kipimo cha kuzuia maambukizi, ambapo seramu huchanganywa na kirusi hai na tunaangalia ni kirusi kipi kinashindwa kuingia katika seli. Ni kipimo kizuri na cha kuaminika. Pia ni cha polepole, kinahitaji maabara yenye ulinzi wa juu, na jibu lake huja wakati tabibu ameshaamua la kufanya. Nafasi yake ni katika utafiti na uthibitisho.

Kuna hesabu ndogo ambayo watu hawaipendi, lakini itabidi niifanye. Tuseme kipimo cha IgM kinakosea kwa kusema chanya kwa watu wawili tu katika kila 100 wasio na ugonjwa. Ni kipimo kizuri hicho, sivyo? Sasa pimeni watu 1,000 wenye homa, mahali ambapo mmoja tu kati yao ana hanta. Mtapata chanya ya kweli moja, na chanya za uongo karibu 20. Ukiokota karatasi moja ya chanya kati ya hizo, uwezekano mkubwa ni kwamba umeshika ya uongo. Na malaria, kwa namna inavyochochea mwili kutoa kingamwili ovyo ovyo, ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuongeza chanya za aina hiyo. Kipimo kile kile, akipewa mgonjwa mmoja ambaye amelala katika ghala lenye panya, chembe sahani zimeshuka, mkojo una protini na malaria haipo, jibu lake lina uzito mwingine kabisa.

Hapo niseme kwa ufupi juu ya vipimo vya kawaida, ambavyo hupuuzwa kwa sababu ni vya bei nafuu. Picha kamili ya damu inaweza kumtofautisha mgonjwa wa hanta ya mapafu kabla hata ya sampuli kuondoka: chembe sahani chache, damu iliyokuwa nzito kwa wingi wa seli nyekundu kwa sababu maji yamevuja kutoka katika mishipa, seli nyeupe changa zilizotoka kabla ya wakati wake, na limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, kubwa zenye rangi ya buluu iliyokolea. Mtaalamu mwenye macho mazuri huviona vyote hivi kwenye kioo kimoja. Katika Lassa, kimeng'enya cha ini kiitwacho AST kinapokuwa juu sana, ni dalili mbaya. Na msisahau kwamba panya hatoi virusi tu. Mwezi Julai 2022, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi nchini Tanzania, watu walitokwa na damu puani wakiwa na homa, hofu ikatanda, na sampuli zikapimwa Ebola na Marburg zikawa hasi. Ilikuwa homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria ambaye panya humtoa katika mkojo, na ambaye hutibika kwa antibiotiki. Anayetafuta hanta bila kutafuta homa ya mgunda anaweza kumkosesha mgonjwa wake dawa iliyokuwa kabatini. Na anayeona vimelea vya malaria akafunga faili, mahali ambapo karibu kila mtoto ana vimelea, huyo naye amefunga mapema.

Jambo la nne ni PCR, na hapa ndipo nina ugomvi kidogo na wenzangu, kwa sababu tangu janga la Korona kipimo hiki kimepewa heshima ambayo hakikuiomba.

PCR ni sawa na mtu anayesimama katikati ya umati akaita jina moja tu. Mwenye jina hilo akiwapo, hata akiwa mmoja kati ya maelfu, atageuka. Mwingine yeyote, hata akiwa ni mdogo wake wa tumbo moja, ataendelea na safari yake. Praima ndizo jina hilo. Virusi vya Lassa vinatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Vya Nigeria na vya Sierra Leone vinapishana katika zaidi ya robo ya herufi katika baadhi ya sehemu za vinasaba, kiasi kwamba kipimo cha PCR kilichozoeleka tangu miaka ya 1990 kilibidi kuboreshwa, na toleo jipya likachapishwa mwaka 2010. Maabara inayotumia praima za mahali pengine bila kuzilinganisha na virusi vya mahali pake inaita jina ambalo huenda halipo.

Na sasa yule niliyesema alituaibisha. Mwaka 2018, wataalamu wa Hong Kong walitoa taarifa ya mwanamume wa miaka 56 aliyekuwa amepandikizwa ini. Vipimo vya ini lake vilikuwa vibaya, na havikutengemaa. Kingamwili zilielekeza kwenye homa ya ini aina ya E, lakini PCR ya kawaida ya kirusi hicho ilisema hasi. Wangeweza kuishia hapo. Wangeweza kusema kingamwili zimekosea, PCR ndiyo hakimu. Badala yake walitumia praima pana zaidi, wakasoma mfuatano wa vinasaba, wakakuta kirusi cha homa ya ini E cha panya, ambacho hakikuwa kinafikiriwa kumpata binadamu na kumletea ugonjwa. Kilikuwamo mwilini muda wote. PCR ilikuwa inaita jina la ndugu yake. Baada ya kipimo sahihi kutengenezwa, wagonjwa wengine walionekana katika mji huo huo. Je, ni wangapi wengine waliwahi kuandikiwa hasi kabla yao?

Pale ambapo hatujui jina la kuita, iko njia ya kusoma vinasaba vyote vilivyomo katika sampuli bila kuchagua. Nchini Australia watu watatu waliopokea ini na figo kutoka kwa mtu mmoja aliyefariki walikufa wote ndani ya wiki chache baada ya kupandikizwa. Uoteshaji wa virusi haukutoa kitu, PCR za kila namna hazikutoa kitu. Mfuatano wa vinasaba ulitoa zaidi ya vipande 100,000, na kati ya hivyo, vipande 14 tu vilikuwa vya kirusi cha arena, ndugu wa LCM ambaye hakuwa akijulikana. Vipande 14! Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2008. Vipande hivyo vilipojulikana, PCR mahususi ikatengenezwa, na kirusi kikaonekana kwa wote watatu. Mwaka huo huo wa 2008, kirusi cha Lujo, kilichoanza kwa mgonjwa aliyesafirishwa kutoka Lusaka hadi Johannesburg na kuua watu wanne kati ya watano, kilitambuliwa kwa njia hiyo hiyo ndani ya siku chache.

Msije mkadhani kwamba mashine hiyo imemaliza kazi. Mwaka 2005 katika Marekani, watu wanne walipokea viungo kutoka kwa mtu mmoja, wakaugua LCM, watatu wakafa. Chanzo kilipotafutwa, ilijulikana kwamba nyumbani kwa mtoaji alikuwapo hamsta aliyekuwa amenunuliwa karibuni, na hamsta huyo alikuwa na kirusi kile kile. Mtoaji mwenyewe? Sampuli zake zilipimwa kwa kila kipimo kilichokuwapo, na zote zilikuwa hasi. Kirusi kilikuwa ndani yake kwa kiasi cha kutosha kuwaua watatu, na bado hakikuonekana. Mpokeaji wa nne alipunguziwa dawa za kushusha kinga, akapewa ribavirin, akapona. Katika mkasa huu aliyeifikia kweli ni yule aliyeuliza, "Nyumbani kulikuwa na mnyama gani?" Maabara ilimsaidia kuthibitisha tu.

Nimalizie na usalama, kwa sababu sampuli tunazozizungumzia zinaua.

Mwaka 1969, muuguzi wa hospitali ya misheni katika mji wa Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, aliugua na kufariki baada ya kupelekwa Jos. Muuguzi aliyemhudumia akafariki. Wa tatu alisafirishwa hadi New York, akapona, na damu yake ikapelekwa Chuo Kikuu cha Yale ambako kirusi kilioteshwa. Jordi Casals, mmoja wa wataalamu wakubwa wa virusi wa wakati wake, aliambukizwa akiwa katika kazi hiyo. Alitibiwa kwa utegili, yaani maji ya damu, wa yule muuguzi aliyepona, akaishi. Mwenzao mwingine wa maabara hakuwa na bahati hiyo, akafariki, na Yale ikasitisha kazi ya kirusi hai. Watu hawa hawakuwa wazembe. Hawakujua bado walichokishika.

Sisi tunajua, kwa hiyo hatuna udhuru. Kuotesha Lassa ni kazi ya maabara yenye ulinzi wa ngazi ya 4, iliyo ya juu kabisa, na hanta ni ya ngazi ya 3. Hakuna sababu ya hospitali ya kawaida kujaribu. Kinachowezekana kwenu ni kuua kirusi kwa kemikali mapema. Damu inapoingia katika myeyusho wa kuvunja kirusi unaotumika kutoa vinasaba, na ikaachwa kwa muda ulioelekezwa, PCR inaweza kufanyika kwa hatari ndogo zaidi. Kwa PCR tumieni kichupa cha EDTA, kile chenye kifuniko cha zambarau. Msitumie cha heparini, kwa sababu heparini huzuia mmenyuko wa PCR na kuwaletea hasi ya uongo. Kwa kingamwili leteni seramu. Sampuli ikae kwenye ubaridi safari nzima, katika vifungashio vya tabaka tatu, na kichupa kisijazwe mpaka mdomoni.

Na pigeni simu kabla. Si baada ya gari kuondoka, kabla. Anayepokea sampuli mezani ana haki ya kujua kwamba mnashuku Lassa au hanta, ili asiifungue karibu na mashine ya picha kamili ya damu akidhani ni homa ya kawaida. Katika simu hiyo mtaulizwa mambo matatu: mgonjwa alikutana wapi na panya, amesafiri wapi katika wiki nane zilizopita, na homa ilianza tarehe gani. Mkiyajua matatu hayo, tutawaambia palepale ni kipimo kipi tuanze nacho, na siku gani mtuletee damu nyingine ikiwa hii ya kwanza itarudi hasi.

Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi hii. Niko tayari kwa maswali.